Kupiga picha za ndege siku ya mawingu, kuanzia Tukuyu hadi Kitulo

Anayesubiri jua ndipo apige picha za ndege Tukuyu ataiacha kamera kabatini mpaka iote kuvu. Nasema hivyo kwa kuwa lenzi yangu ya kwanza iliota kuvu kweli, habari yake nitaieleza huko mwishoni. Kwetu huku Nyanda za Juu Kusini mvua inashika Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei. Juni hadi Agosti mvua inapungua, baridi na ukungu vinapokea zamu. Na Tukuyu yenyewe hainyeshi kwa kufuata kalenda ya mtu.

Kwa muda mrefu nilikuwa nikiona wingu asubuhi narudi kulala. Siku chache nilizotoka nilirudi na picha za ndege weusi kama mkaa juu ya shuka jeupe, au chozi, yule ndege mdogo wa kunyonya maua, aliyetikisika akawa doa tu. Nikalaumu wingu. Baadaye, nilipozipanga zile picha mbovu zote pamoja, nikagundua zina makosa mawili tu yanayojirudia: nilikuwa namweka ndege mbele ya anga, na nilikuwa naogopa kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Wingu lenyewe halikuwa na kosa lolote. Mwongozo huu unazunguka makosa hayo mawili, mengine ni nyongeza.

Kwanza, ujue umepoteza mwanga kiasi gani

Siku ya jua kali, tundu la lenzi likiwa f/5.6 na ISO 100, shata, yaani muda ambao kamera inaachia mwanga uingie, inakupa kama 1/1000 ya sekunde. Likitanda wingu la kawaida mwanga unashuka karibu stopu tatu (kila stopu ni kupungua nusu), yaani unabaki na sehemu moja kwa nane, na shata inaanguka hadi kama 1/125. Ukiingia chini ya miti kwenye msitu wa Mlima Rungwe siku hiyohiyo, usishangae kukuta 1/8. Jicho lako halitakuambia haya. Jicho linazoea giza polepole na kukudanganya kwamba mambo ni yaleyale, kamera haina huruma hiyo.

Ulichopata badala yake ni hiki: wingu ni kama pazia jepesi lililofunika taa, mwanga unamfikia ndege kutoka pande zote. Kile kivuli kinachokaa chini ya mdomo na tumboni saa sita mchana hakipo. Mtazame kunguru wa mjini, yule mwenye kifua cheupe, pale sokoni. Kwenye jua kali kifua kinaungua kikawa karatasi na mgongo unakuwa shimo jeusi lisilo na unyoya hata mmoja. Siku ya wingu unapata vyote, weupe wenye manyoya na weusi wenye manyoya. Halafu hubanwi na saa. Siku ya jua, huku kwenye miinuko, ikifika saa tatu asubuhi mwanga umeshakuwa mkali, unafunga begi. Siku ya wingu unapiga tangu saa moja mpaka saa kumi jioni bila kubadilisha chochote kikubwa.

Hatua ya kwanza: begi la usiku

Lenzi ni ile uliyonayo. Wengi wetu tuna 70–300 ya f/4–5.6 iliyonunuliwa mkononi kwa mtu, na inatosha. Kama una kile kiongeza urefu cha kufunga kati ya kamera na lenzi, kiache nyumbani siku ya mawingu: cha 1.4x kinameza stopu moja, cha 2x kinameza mbili, na siku kama hii huna stopu za kugawa.

Betri mbili, na ya pili ikae kwenye mfuko wa ndani wa koti karibu na mwili. Baridi ya Kitulo asubuhi inashusha chaji upesi mno. Betri uliyoiona imejaa jana usiku inaweza kukuonyesha nusu kabla hujapiga picha ya thelathini. Ikifa usiitupe kwenye begi, ibadilishane nafasi na mwenzake, ikipata joto mara nyingi inarudisha picha kadhaa.

Kitu ninachokithamini kuliko stendi ya miguu mitatu ni mfuko wa maharage. Mpelekee fundi cherehani mguu wa jinzi uliochakaa, akushonee mfuko wa ukubwa wa mkate wenye zipu, ujaze maharage robo tatu. Unauweka kwenye dirisha la gari, juu ya jiwe, juu ya uzio, kwenye tuta la chai, na lenzi inalala juu yake imetulia tuli. Stendi nayo ni nzuri, lakini kuifungua miguu mitatu huku ndege anakutazama ni kumpa nauli aondoke. Maharage yakilowa yabadilishe, yataota. Usiulize nimejuaje.

Ongeza vitambaa viwili laini vya miwani (kimoja kitalowa), kofia ya lenzi, mabuti ya mvua, na mfuko mkubwa wa nailoni. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ipigwe marufuku Juni 2019 mfuko mzuri si rahisi kuupata. Mimi natumia ule uliofungiwa suti. Nguo zako ziwe za rangi iliyofifia: kijani, kahawia, kijivu. Jezi ya timu yako iache, hata kama wameshinda.

Hatua ya pili: iseti kamera ukiwa bado umekaa

Usisubiri kubofyabofya menyu ndege akiwa tawini na vidole vimekufa ganzi. Nyumbani, fanya haya.

Zungusha kile kirungu cha juu kwenye M, yaani unapanga mwenyewe. Fungua tundu la lenzi kadiri linavyofunguka, mara nyingi f/5.6 ukiwa umevuta hadi 300. Wengine watakuambia f/8 inatoa picha kali zaidi. Ni kweli, lakini siku ya jua. Siku ya wingu hiyo stopu moja ihamishie kwenye shata.

Kasi ya shata ndiyo unayoichagua kwa kichwa chako. Ndege aliyetulia tawini, kwa lenzi ya 300 kwenye kamera yenye sensa ndogo, anza na 1/500. Hesabu yake ni ile ya zamani: zidisha urefu wa lenzi kwa 1.5, unapata 450, basi usishuke chini ya hapo ukishika kwa mkono. Ukiwa na mfuko wa maharage na lenzi yenye kizuia mtikisiko unaweza kushuka hadi 1/250, hata 1/125 kwa ndege aliyelala usingizi. Ila kumbuka kizuia mtikisiko kinatuliza mkono wako wewe, hakimtulizi ndege. Chozi anayerukaruka kwenye maua anataka 1/1000. Anayeruka angani, 1/1600 kwenda juu.

Tundu na shata ukishavifunga hivyo, ISO iachie kamera ijipangie yenyewe, ukiiwekea dari ya 6400. Ndiyo, 6400. Hapa ndipo watu wengi wanapokimbia, na mimi nilikimbia kwa miaka. Nilikuwa nagandisha ISO kwenye 400 kwa kuogopa chenga, zile nukta-nukta zinazochafua picha, shata inashuka hadi 1/60, halafu narudi nyumbani na picha safi kabisa, isiyo na chenga hata moja, ya ndege asiyeonekana macho. Chenga utazipunguza mezani. Manyoya yaliyotikisika hakuna programu itakayoyarudisha yakawa manyoya.

Na usijidanganye kwa kupiga ISO 800 picha ikiwa giza ukisema utaing'arisha baadaye. Ukiing'arisha, chenga zinafumuka kutoka kwenye vivuli mbaya zaidi kuliko kama ungepiga 3200 picha ikiwa na mwanga wake kamili tangu mwanzo.

Yaliyobaki ni ya haraka. Hifadhi faili ghafi, lile linaloandikwa RAW kwenye menyu. Rangi ya mwanga iweke kwenye alama ya wingu, la sivyo picha zitakuwa za buluu-buluu kama za mochwari. Fokasi iwe ile inayomfuata ndege muda wote, kwenye kamera imeandikwa AF-C au AI Servo. Mfululizo wa picha uwashe.

Kamera nyingine za zamani zikiwa kwenye M na ISO ya kujipangia hazikubali kuongeza au kupunguza mwanga kwa kile kitufe cha +/−. Kama yako ni hivyo, tumia A au Av, ambako wewe unapanga tundu na kamera inapanga shata, fungua tundu lote, panga ISO kwa mkono, 1600 au 3200, na kila baada ya muda chungulia shata isishuke chini ya ile uliyokusudia.

Hatua ya tatu: tafuta mlima wa kuweka nyuma yake

Kama una haraka, ruka mengine yote usome hapa.

Anga la mawingu ndilo kitu cheupe kuliko vyote utakavyoviona siku hiyo. Ndege yeyote ukimpiga ukiwa chini unatazama juu atakuwa kivuli tu. Ukimwongezea mwanga, anga linageuka karatasi tupu na linamla kingo za mabawa. Hakuna seti ya kamera inayoponya jambo hili vizuri. Dawa yake ni miguu: hama.

Na hapa sisi wa milimani tumebarikiwa kuliko wenzetu wa tambarare. Kila mahali pana mteremko. Ukisimama upande wa juu wa bonde, ndege aliye kwenye kilele cha mti ulioota chini yako anakuwa sawa na macho yako, na nyuma yake si anga, ni mteremko wa pili wa ng'ambo, kijani kilichokolea na kilicho mbali kiasi cha kulainika kikawa pazia. Barabara ya Mbeya–Tukuyu ina kona nyingi za namna hiyo. Ile ya kupanda kutoka Chimala kwenda Matamba, tunayoiita Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake, ni kama jengo la ghorofa: kila kona unatazama vichwa vya miti iliyo chini yako. Simama pale gari linapoweza kuegeshwa salama tu, malori hayajui kama unapiga chozi.

Mashamba ya chai ya Rungwe na Mufindi nayo yanafaa, kwa sababu meza ya chai ni ya kijani isiyo na vurugu na miti ya pembezoni inawapa ndege pa kutua. Omba ruhusa kwanza. Mara ya kwanza nilipojificha pembeni ya shamba la mtu nilishtukia mzee amesimama nyuma yangu na panga la kupogolea migomba.

"Mwanangu, unapiga picha mawingu?"

"Shikamoo mzee. Hapana, namngoja yule chozi kwenye ua la mgomba wako."

Akacheka, akaniambia nisimame upande wa jikoni, huko ndiko wanakopitia kila asubuhi. Alikuwa sahihi kwa mita mbili. Nikamwambia ndaga fijo, ndiyo asante sana ya Kinyakyusa, na siku hizi nikipita namletea picha iliyochapishwa. Wenye mashamba wanajua njia za ndege kuliko kitabu, basi piga hodi kabla ya kujificha.

Kama huwezi kupanda juu, shuka chini kabisa. Kwa ndege wa ardhini, mfano kwarara anayetembea uwanjani akichokonoa minyoo, lala kifudifudi. Nyuma yake panakuwa nyasi za mbali badala ya zile za miguuni pake, na picha inapata kina. Utalowa. Ndiyo maana nikasema mabuti, ningesema na koti la mvua.

Ikishindikana yote, na ndege yuko juu ya waya wa umeme mbele ya wingu jeupe, piga moja ya kumbukumbu ujue ni nani, kisha umwache.

Hatua ya nne: jumlisha na toa

Kipima mwanga cha kamera kinadhani dunia nzima ni ya kijivu cha wastani, na kinavuta kila kitu kiwe hivyo. Kikiona anga jeupe nyingi kinasema, "hapa pana mwanga mwingi mno," kinapunguza, ndege anakuwa giza. Kazi yako ni kukisahihisha kwa kitufe cha +/−.

Anga ikiwa nyuma yake na huna pa kuhamia, jumlisha stopu 1.3 mpaka 2. Usilionee huruma anga, acha liungue, mradi jicho la ndege lionekane. Ndani ya ukungu jumlisha 1 hivi, la sivyo ule weupe unaogeuza milima kuwa ndoto utatoka kijivu cha majivu. Nyuma pakiwa mteremko wa kijani na ndege ni wa rangi za kawaida, acha sifuri.

Yangeyange ni kinyume. Ni mweupe, anatembea nyuma ya ng'ombe kwenye udongo mweusi wa mvua, na kamera ikiona weusi wote ule inaongeza mwanga, yangeyange anageuka mwanya mweupe ndani ya picha. Toa 0.7 au 1. Shakivale wa milimani, yule mweusi mgongoni na mweupe kifuani mwenye mkia mwekundu anayekaa juu ya nguzo kando ya barabara, ndiye mwalimu mzuri wa somo hili, maana ana vyote viwili na ana subira. Piga tatu: sifuri, toa moja, jumlisha moja. Kisha fungua histogramu, ule mchoro wa mwanga wa picha, utazame kama mlima wake umegonga ukuta wa kulia. Ukiwa umegonga, kifua kimeungua. Kioo cha kamera peke yake usikiamini, kwa sababu kwenye mwanga hafifu kinang'aa sana na kila picha inaonekana nzuri.

Hatua ya tano: jicho

Fokasi ya kamera inatafuta mahali ambapo weusi unakutana na weupe. Wingu linapunguza tofauti hiyo, ukungu unaipunguza zaidi, ndipo unapoona lenzi inahangaika mbele na nyuma kama mtu aliyepoteza funguo. Tumia nukta moja ya katikati, maana kwenye kamera nyingi ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Usiilenge kwenye kifua kisicho na alama, ilenge pale shingo inapokutana na kifua cha rangi nyingine, au kwenye mpaka wa mdomo na uso. Kamera mpya zinazotambua jicho la ndege zenyewe zinasaidia sana, lakini ndani ya ukungu nazo huchanganyikiwa. Uwe tayari kurudi kwenye nukta moja.

Lenzi ikihangaika mno, lenga kwanza shina la mti lililo umbali ule ule, fokasi ishike, kisha rudi kwa ndege. Piga mifululizo mifupi ya picha nne au tano. Kwenye shata ya 1/250 mara nyingi moja kati ya tano itakuwa imetulia, kwa sababu ndege naye hutulia kidogo kati ya kugeuza kichwa na kugeuza tena.

Jicho la ndege siku ya mawingu halina ule mng'ao wa jua, na jicho lisilo na mng'ao ni kama limekufa. Subiri ainue kichwa kidogo au ageukie upande ulio wazi, anga lenyewe litaingia machoni pake kama dirisha dogo jeupe. Hiyo ndiyo sekunde ya kubonyeza.

Hatua ya sita: wanachofanya ndege mawingu yakitanda

Ukijua hili utaacha kutembeatembea ovyo.

Ndege wakubwa wa kuelea, kina tai na shakivale, wanategemea hewa ya joto inayopanda kutoka ardhini. Siku ya wingu zito hewa hiyo haipo, hivyo wanakaa. Nguzo, miti mikavu, vichwa vya misonobari. Hawataki kuruka bila sababu, na unaweza kumkaribia kwa gari polepole kuliko siku ya jua. Zima injini kabla ya kupiga, mtetemo wa injini unafika kwenye lenzi hata kama unaegemea mfuko wa maharage.

Mbayuwayu nao hushuka, wadudu wakiruka chini nao huruka chini, karibu na nyasi. Hapo unapata kile ambacho siku ya jua ni ndoto: mbayuwayu akiwa mbele ya majani, si mbele ya anga. Shata 1/2000, na uwe tayari kufuta picha tisini katika mia.

Mvua ikikatika, usiondoke. Dakika ishirini za mwanzo ndege hutoka kukung'uta maji na kunyoosha mabawa mahali pa wazi. Na ikiwa ni mvua za mwanzo wa msimu, angalia kumbikumbi. Wakianza kutoka ardhini, kila mwenye mdomo anakuja: mwewe, kunguru, kwenzi, shorwe, hata kuku wa jirani. Tafuta shimo wanakotokea, kaa upande ambao kichaka kiko nyuma, na usisogee. Niliwahi kupiga kwa saa nzima nyuma ya choo cha shule bila kuhama hatua, na picha zile bado sijazishinda.

Chozi ana tatizo lake siku za mawingu. Ule ukijani wake wa kumeremeta hautokani na rangi iliyomo kwenye unyoya, unatokana na jinsi unyoya ulivyoundwa unavyorudisha mwanga, basi bila jua anaweza kuonekana mweusi tu. Usikate tamaa. Jiweke ili sehemu iliyo wazi ya anga iwe mgongoni pako, na umngoje akugeukie kifua. Kila akigeuka nyuzi chache rangi inawaka na kuzima. Ua la mgomba ni mahali pazuri kwa sababu anarudi palepale, na rangi ya zambarau iliyokolea ya ua inampa heshima. Panga fokasi kwenye ua, yeye atakuja.

Kitulo ni habari nyingine. Ile nyanda ya nyasi iliyo kwenye mwinuko wa karibu mita 2,600, hifadhi ya taifa tangu 2005, watu wanaiita Bustani ya Mungu kwa maua yake, na wengi wanakwenda Desemba hadi Aprili kwa ajili ya okidi. Huo ndio msimu wa mvua na mawingu, na ndio msimu wa ndege pia. Ndege weusi wenye mikia mirefu wanarukia juu ya majani yenye maji, tandawala wa Denham anatembea taratibu kama mzee anayekagua shamba, na ukibahatika utamwona mbayuwayu wa buluu, ambaye huja kuzaliana huku na baadaye kwenda kukaa kandokando ya Ziwa Viktoria. Huyo yuko hatarini duniani. Anajenga kiota ndani ya mashimo ardhini, hata yale yaliyochimbwa na muhanga, kwa hiyo ukimwona anaingia na kutoka shimoni, rudi nyuma. Usipige kiotani. Picha ya kiota inawaonyesha wengine njia, na wewe ukisimama pale kwenye baridi ile wazazi hawaingii, makinda yanapoa.

Miti ni haba juu kule, hivyo anga lipo kila upande. Gari ndiyo maficho yako na mteremko ndiyo pazia lako: egesha juu, piga kuelekea chini. Lipia kiingilio, kaa barabarani, na usichezeshe sauti za ndege kwenye simu ili waje. Anakuja, ndiyo, lakini anakuja kupigana na adui asiyekuwepo, akiacha kula siku ambayo baridi inamdai nguvu zote.

Wenye simu pekee: kukuza kwa vidole kwenye simu si kukuza, ni kukata. Siku ya mawingu simu yako inafaa kwa ndege ndani ya mandhari, kwarara wadogo watano kwenye uwanja wenye ukungu na mlima nyuma. Nimeona za namna hiyo zikiwa nzuri kuliko zangu.

Hatua ya saba: manyunyu na mvuke

Manyunyu mepesi kamera nyingi huvumilia ikiwa unazipangusa. Mfuko wa nailoni utoboe upande mmoja, upitishe mdomo wa lenzi, ukaze kwa mpira wa kufungia pesa, na wewe uingize mikono kwa upande wa pili. Kofia ya lenzi isitoke kabisa, inazuia matone kuliko inavyozuia jua.

Hatari kubwa si mvua, ni jiko. Umetoka Kitulo umeganda, unaingia kwa mama lishe, moto unawaka, chai ya tangawizi inachemka, unaiweka kamera mezani. Ndani ya dakika moja lenzi imefunikwa na mvuke, mwingine ukiwa ndani usikofikia kwa kitambaa. Kabla ya kuingia, ifunge kamera kwenye mfuko wa nailoni ukiwa bado nje kwenye baridi, utoe hewa, ufunge. Mvuke utaganda juu ya mfuko badala ya kamera. Iache humo mpaka ipate joto la chumba, kama saa moja. Kadi itoe ukiwa nje kama huna subira ya kuona picha.

Hatua ya nane: mezani, halafu kabatini

Picha za siku ya mawingu hutoka zimepooza, usishtuke. Kwenye Lightroom, au darktable ambayo ni ya bure, kwanza shusha weusi mpaka mboni ya jicho iwe nyeusi kweli. Mara nyingi hapo tu picha inaamka. Pasha rangi ya mwanga kidogo ikiwa bado ya buluu. Picha za msituni hubeba ukijani wa majani kwenye vifua vyeupe, uuondoe. Chenga za rangi, zile nukta nyekundu na kijani, zifute zote. Zile za kijivu punguza nusu tu, ukizimaliza zote ndege atakuwa wa plastiki. Ukali uongeze usoni, si nyuma kwenye pazia. Kukoleza rangi, kidogo sana, na anga la buluu la kupandikiza usithubutu, maana mwanga laini uliomwangukia ndege wako utakuumbua mara moja. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, la sivyo itabanwa na kazi yote hii utakuwa umeifanya bure.

Sasa ile lenzi. Nilirudi kutoka msituni siku ya tatu ya mvua mfululizo, nimechoka, nikaiingiza kwenye begi lililolowa, nikafunga zipu, nikaenda safari ya kikazi wiki tatu. Niliporudi nikaona nyuzinyuzi nyeupe ndani ya kioo, kama utando wa buibui. Fundi mmoja akaniambia ataisafisha, akaifungua, akairudisha ikiwa haishiki fokasi upande wa kushoto. Ndiyo ikawa imeisha.

Tangu hapo begi halilali limefungwa. Vifaa navipangusa, naviacha mezani usiku kucha penye hewa, kisha naviweka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Waombe wauza viatu, wanavitupa. Kila baada ya wiki kadhaa vianike, au viweke juu ya mfuniko wa sufuria yenye joto kidogo, vikauke, uvirudishe. Na usimwage mchele humo ndani kama wanavyosema watu. Vumbi lake litaingia kwenye lenzi.